Siku Nane Nyuma ya Mbayuwayu: Kumfuata Rubani Eugene Bullard

Siku ya kwanza, Jumanne: Le Bourget

Mimi ni fundi wa lifti. Nimeifanya kazi hii miaka 24, mitano ya mwanzo Dar es Salaam na iliyobaki hapa Brussels, na ndiyo iliyonifikisha kwa Eugene Bullard. Mwaka jana mzee mmoja mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama akinitazama nimepiga magoti mbele ya kabati la nyaya, aliniambia kwamba Mmarekani Mweusi wa kwanza kurusha ndege ya kivita alimalizia miaka yake ya kazi akiendesha lifti mjini New York. Nilidhani ananitania. Usiku ule nilisoma mpaka saa nane, na kabla sijalala nilikuwa nimekwisha kata shauri kwamba likizo inayofuata sitakwenda Tanga, bali nitamfuata mtu huyu mahali kwa mahali mpaka kaburini kwake. Mama alinuna kwenye simu kwa dakika kama mbili, kisha akauliza, "Huyo marehemu ni nani kwako?" Nikamjibu kwamba si ndugu. Akasema, "Haya, mwanangu. Ukifika, mfikishie salamu."

Treni ya kutoka Brussels haichukui saa moja na nusu kufika Paris, na saa nne asubuhi, milango ilipofunguliwa, nilikuwa nimekwisha fika Le Bourget kwenye jumba la makumbusho ya ndege. Nilikwenda moja kwa moja kwenye sehemu ya Vita Kuu ya Kwanza, ambako kuna ndege aina ya SPAD VII iliyorushwa na Georges Guynemer, rubani aliyetukuzwa sana na Wafaransa wakati ule. Hiyo si ndege ya Bullard, lakini ni ya aina aliyoirusha mwaka 1917, na nilitaka kuiona kwa jicho la fundi. Ni ndogo kuliko inavyoonekana pichani. Mbavu zake ni za mbao, juu ya mbavu kuna kitambaa kilichopakwa dawa mpaka kikakaza kama ngozi ya ngoma, na nyaya za chuma zimeyashika mabawa ya juu na ya chini yasiachane. Mbele ya rubani kuna rashasha moja inayopiga katikati ya propela inayozunguka. Mtambo uliounganishwa na injini huizuia risasi isitoke kila panga linapopita mbele ya mdomo wa bunduki. Nilisimama hapo muda mrefu, kwa sababu ni fikra ileile inayoizuia lifti isiondoke mpaka mlango ufungwe: hiki hakiruhusiwi mpaka kile kiwe mahali pake. Mlinzi wa ukumbi alinipitia mara mbili kuhakikisha sijanyosha mkono.

Marubani wa Ufaransa wa mwaka huo hawakupewa miavuli ya kujiokolea. Walikaa wazi, uso ukipigwa na upepo, katika baridi ambayo manyoya na mafuta ya kujipaka hayakuimaliza. Waliorusha Nieuport, ambayo Bullard pia aliirusha, walikuwa na adha nyingine: injini yake ilizunguka pamoja na propela na kulainishwa kwa mafuta ya nyonyo, ambayo yalitoka kama moshi na kumrudia rubani usoni na kifuani. Bibi zetu wanayafahamu mafuta hayo kama dawa ya kuharisha, na kwa marubani nayo hayakusahau kazi yake.

Siku ya pili, Jumatano: Montmartre

Nililala katika hoteli ya bei nafuu karibu na Pigalle, chumba cha ghorofa ya tano, lifti mbovu. Sikuigusa.

Kabla ya kutoka nilipitia tena daftari langu. Bullard alizaliwa Columbus, katika jimbo la Georgia, Oktoba 1895, mtoto wa kibarua na wa mama aliyefariki yeye akiwa mdogo. Baba yake alikuwa na jina la utani la "Big Ox" kwa ukubwa wa mwili, na baada ya kugombana na msimamizi Mzungu kazini, kundi la watu lilifika nyumbani usiku likitaka kumnyonga. Baba alinusurika, lakini mtoto aliyekuwa amejificha ndani hakuusahau usiku huo. Alitoroka nyumbani akiwa bado mdogo, akazurura miaka kadhaa katika majimbo ya kusini, na mwaka 1912 akazamia meli ya Kijerumani katika bandari ya Norfolk, Virginia, iliyomshusha Aberdeen, Scotland. Tanga na Mombasa tunawajua vijana waliozamia meli kwa namna hiyo; wengine walirudi na makoti mazito na hadithi, na wengine hatukuwasikia tena. Huyu aliingia kwenye ndondi, na mwaka 1913 masumbwi yakamfikisha Paris. Huko aliingia mkahawani, akakaa kwenye meza aliyoitaka na kuhudumiwa. Akaamua kwamba hapo ndipo kwao.

Asubuhi nzima niliitembea mitaa ya Pigalle na Fontaine, ambako baada ya vita Bullard alipata maisha yake ya pili. Mwanajeshi anayerudi uraiani hukuta kwamba alichokijua hakinunuliki sokoni, na yeye alichokijua kilikuwa kupiga ngumi na kurusha ndege. Basi akajifunza kupiga dramu. Muziki wa jazi ulikuwa umeingia Paris pamoja na wanajeshi Weusi wa Marekani, wenye vilabu walitaka wapigaji kutoka huko, na Bullard, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwa mpigaji hodari. Alichokuwa nacho ni Kifaransa safi, marafiki wa kila namna, na ngumi za kumtoa mlevi nje bila kelele. Akapanda mpaka kuendesha klabu ya Le Grand Duc, pembeni mitaa hiyo miwili inapokutana. Mwaka 1924 mwimbaji Ada Smith, aliyejulikana zaidi kama Bricktop, alipofika kutoka Marekani kuimba hapo, aliisifu baa hiyo nzuri kisha akauliza klabu yenyewe iko wapi. Alipoambiwa kwamba ndiyo hiyo, akaangua kilio.

Nilisimama kwenye kona hiyo huku pikipiki za kupeleka vyakula zikinipitia miguuni. Baadaye Bullard alikuwa na baa yake aliyoiita L'Escadrille, yaani Kikosi cha Ndege, pamoja na ukumbi wa mazoezi. Alimwoa Marcelle Straumann mwaka 1923, wakapata mabinti wawili, na ndoa ikavunjika katika miaka ya 1930. Miaka hii 20 ya Montmartre ndiyo wasimuliaji wengi huipenda, na mimi ndiyo inayonishika kidogo kuliko mingine. Mtu yeyote hupendeza akiwa na baa yake mwenyewe.

Jioni saa 12:30 nilikuwa chini ya Arc de Triomphe, ambako kila siku saa hiyo mwenge wa Kaburi la Askari Asiyejulikana huchochewa upya. Wazee wenye nishani, watoto wa shule, tarumbeta, kimya, basi. Mwaka 1954 serikali ya Ufaransa ilimwita Bullard kutoka New York aje kuuwasha mwenge huu pamoja na wenzake wawili. Nauli ya kumleta ililipwa. Sherehe zilipokwisha alirudi kwenye kazi zake za kibarua.

Siku ya tatu, Alhamisi: Verdun

Treni ya kasi huchukua saa moja tu kutoka Gare de l'Est hadi kituo cha Meuse, ambacho kipo katikati ya mashamba, na kutoka hapo basi dogo linakufikisha mjini Verdun. Mvua ilikuwa nyepesi, ile ya kuloa bila kujua. Kwa kuwa hakukuwa na usafiri wa umma wa kuaminika kwenda juu kwenye uwanja wa mapigano, nilikodi baiskeli, uamuzi ambao magoti yangu yaliulalamikia mpaka New York.

Watu wengi wanapomtaja Bullard huanza na ndege, ilhali kabla hajaikaribia ndege alikuwa amekwisha pigana miezi mingi kwa miguu. Alijiandikisha katika Jeshi la Kigeni la Ufaransa Oktoba 1914, akapita mahandaki ya Somme, Artois na Champagne, na vikosi vyake vilipopukutika akahamishiwa katika Kikosi cha 170 cha askari wa miguu, ambacho kiliitwa Mbayuwayu wa Mauti. Ndipo yeye alipopata jina la Mbayuwayu Mweusi wa Mauti, na wengi hudhani jina hilo lilitoka angani, ingawa lilitoka matopeni. Vita vya Verdun vilianza tarehe 21 Februari 1916 na kuendelea hadi Desemba, siku 300 hivi, na waliokufa wa pande zote mbili hukisiwa kuwa watu 300,000. Kikosi cha 170 kilitupwa humo mwanzoni kabisa. Tarehe 5 Machi kombora lilimrarua Bullard paja, na vita vyake vya miguu vikaishia hapo.

Juu kule ardhi haijasahau. Msitu umepandwa, miti ni mirefu na imenyooka, lakini chini yake hakuna hata hatua kumi za tambarare. Ni mashimo juu ya mashimo, yameota kuvu na majani, kama sakafu ya bahari iliyoachwa na maji. Vijiji tisa vilifutika. Kilichobaki cha kijiji cha Fleury ni njia za kutembea na vibao vinavyosema hapa palikuwa na mwoka mikate, hapa shule, hapa mfua chuma. Katika jengo la Douaumont imehifadhiwa mifupa ya watu wasiopungua 130,000 wasiotambuliwa, Wafaransa na Wajerumani pamoja, na ukiinama kwenye vidirisha vya nyuma unaiona kwa macho. Niliinama kwenye kidirisha kimoja. Kulikuwa na fupa la paja limelala juu ya jingine, kavu na la rangi ya chai ya maziwa, na hakuna wa kusema mwenye la juu na mwenye la chini walikuwa upande mmoja.

Mbele ya jengo hilo kuna misalaba zaidi ya 15,000, na upande mmoja makaburi ya Waislamu ambayo mawe yake hayakufuata mstari wa misalaba, kwa kuwa yameelekezwa Makka. Waliochangia kuikomboa ngome ya Douaumont tarehe 24 Oktoba 1916 walikuwamo Wasenegali na Wasomali. Mtu wa pwani akifika hapa ni vigumu asiukumbuke upande wake wa vita hivyohivyo: wapagazi wa Kikosi cha Wabebaji, ambao jina lao la Kiingereza limebaki midomoni mwetu kama Kariakoo, na ile sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam tunayoizunguka kila siku kwa daladala bila kuinua macho. Nilipanda baiskeli nikashuka mjini kabla giza halijaingia.

Siku ya nne, Ijumaa: Beauzée-sur-Aire

Alipokuwa akiuguzwa Lyon, Bullard alipewa nishani ya Croix de Guerre na kuambiwa kwamba mguu wake haufai tena kwa askari wa miguu. Kwa simulizi yake mwenyewe, rafiki yake mmoja Mzungu kutoka kusini mwa Marekani alimcheka mezani Paris kwamba Mweusi hawezi kuwa rubani, wakawekeana dau la dola 2,000. Oktoba 1916 alikubaliwa katika jeshi la anga kama mpiga rashasha, akaomba mafunzo ya urubani, na tarehe 5 Mei 1917 alipata leseni namba 6950. Dau akalichukua.

Hapa niingize neno, maana kwenye mitandao hukuzwa mambo. Bullard ni Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa rubani wa kivita, lakini hakuwa Mweusi pekee angani katika vita hivyo. Waturuki walikuwa na Ahmet Ali, ambaye nasaba yake ilikuwa ya Kiafrika, na Waingereza walikuwa na William Robinson Clarke kutoka Jamaika. Vilevile ndege mbili za adui anazosemekana kuziangusha hazikuthibitishwa rasmi. Mimi sioni kwamba hilo linampunguza. Aliyeruka kiasi cha mara 20 juu ya Verdun katika chombo nilichokiona Le Bourget hana haja ya kuongezewa chumvi.

Agosti 1917 alipelekwa katika kikosi cha ndege cha Spa 93, kilichokuwa kwenye kiwanja cha mashambani Beauzée-sur-Aire, kusini magharibi ya Verdun, kisha akahamia Spa 85. Mwanamke mwenye nyumba ya wageni niliyolala alikuwa akienda upande huo na gari lake, akanishusha. Ni kijiji kidogo cha mawe, mto mdogo, na mashamba yaliyokwisha limwa. Sikuja kutafuta mnara, nilitaka kuona uwazi wake tu: anga pana, ardhi inayopanda na kushuka polepole, na kaskazini, mwendo wa dakika chache kwa ndege ile, vilima nilivyopanda jana kwa saa nzima. Inasemekana ndege yake iliandikwa ubavuni kwamba damu yote inayotiririka ni nyekundu, na kwamba ndani ya koti lake aliruka na kima mdogo aliyemwita Jimmy. Ninapenda kumwazia huyo kima kuliko nyota za ushindi.

Hayo yote yalidumu miezi michache tu. Marekani ilikuwa imeingia vitani Aprili 1917, na jeshi lake lilianza kuwachukua Wamarekani waliokuwa wakirukia Ufaransa. Bullard aliomba. Oktoba alikwenda mbele ya madaktari wa jeshi la nchi yake, wakamweleza kwamba nyayo zake ni bapa na tonsili zake ni kubwa. Akafaulu hata hivyo, lakini barua ya kumwita haikuja, kwa kuwa jeshi hilo halikutaka rubani Mweusi. Novemba, baada ya ugomvi na ofisa mmoja wa Kifaransa, aliondolewa katika kikosi cha anga na kurudishwa Kikosi cha 170, safari hii kwenye kazi za nyuma, akabaki huko mpaka vita vilipokwisha. Hakupata tena kurusha ndege ya kivita. Marekani iliwahitimisha marubani wake Weusi wa kwanza wa kijeshi Machi 1942, watano kwa idadi, huko Tuskegee.

Siku ya tano, Jumamosi: Châteauroux na Le Blanc

Siku ya treni na mabasi. Nilipita Orléans, nikala mkate wenye jibini Châteauroux, ambako Bullard alipata sehemu ya mafunzo yake ya urubani, na alasiri basi la mkoa likanifikisha Le Blanc, mji mdogo ulio kando ya mto Creuse.

Hapa palikuwa vita vyake vya mara ya pili. Kabla ya mwaka 1939 idara za ujasusi za Ufaransa zilimtumia kuwasikiliza Wajerumani waliokunywa kwenye baa yake, ambao hawakuwaza kwamba mhudumu Mweusi anaelewa Kijerumani. Paris ilipoelekea kuanguka Juni 1940, mtu mwenye umri wa miaka 44 na mguu wa Verdun aliondoka kwa miguu miongoni mwa wakimbizi, akawafikia askari wa Kikosi cha 51 Orléans, ambako kamanda wake alikuwa ofisa aliyemjua tangu vita vya kwanza. Akapewa rashasha. Le Blanc, tarehe 18 Juni, mlipuko wa kombora ulimrusha ukutani na kumuumiza uti wa mgongo. Kamanda alimwamuru aondoke, kwa maana Wajerumani wakimkamata wangempiga risasi. Kwa mgongo huo alifika mpaka wa Hispania, sehemu ya njia kwa baiskeli, kisha Lisbon, na Julai alikuwa New York kwa meli.

Nilikaa darajani mpaka taa zikawashwa. Kijana mmoja aliyekuwa akivua samaki aliniuliza kama nimepotea njia. Nilimwambia hapana, nikamweleza kwa kifupi habari za Bullard, akasikiliza kwa adabu huku jicho likiwa kwenye boya lake. Samaki akala, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku ya sita, Jumapili: angani

Kurudi Paris alfajiri, uwanja wa ndege, saa nane juu ya Atlantiki. Nilikaa kiti cha katikati baina ya watu wawili waliolala.

Siku ya saba, Jumatatu: Rockefeller Plaza

Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alipigana Burma mwaka 1944, akarudi, na kwa miaka mingi kazi yake ikawa kuendesha lifti katika jengo moja la ofisi Dar es Salaam, kofia kichwani, vifungo vya shaba vinang'aa. Nilikuwa nikimwona nikiwa mtoto, alipokuwa amekwisha staafu na kurudi Tanga, ameketi barazani asubuhi, na nishani zake zimo katika kopo la biskuti pamoja na sindano za bibi. Sikumwuliza lolote kuhusu Burma. Kuhusu lifti aliniambia mengi. Lifti ya mkono, alisema, haina kitufe cha kukusaidia. Una mpini, ukiugeuza inapanda, ukiurudisha inasimama, na kazi nzima ni kujua uurudishe lini ili sakafu ya lifti na sakafu ya jengo zilingane. Ukichelewa upana wa vidole viwili, mwanamke mwenye viatu virefu ataanguka, na uzito wa watu kumi haurudishwi mahali pamoja na uzito wa watu watatu. Alikuwa akinionyesha kwa mkono hewani, kiganja kimefumbata mpini usiokuwapo, kifundo kinarudi taratibu, taratibu, kisha tuli. Mkono huo ndio ulionifanya fundi, ingawa lifti nilizozikuta mimi zote ni za vitufe.

Nayasema haya hapa kwa sababu leo asubuhi niliposimama mbele ya nambari 30 ya Rockefeller Plaza, jengo la ghorofa 70 lililofunguliwa mwaka 1933, niliuona mkono huo kabla sijaliona jengo. Bullard alifika New York mgongo umeharibika, akatibiwa, akawapata mabinti zake kutoka Ufaransa, akapanga chumba Harlem. Nchini mwake hakuna aliyemjua. Alifanya kazi gatini, akawa mlinzi, akauza manukato, na mwishowe akavaa sare ya mwendesha lifti ya jengo hili. Mwaka 1949, alipokwenda kwenye onyesho la mwimbaji Paul Robeson huko Peekskill, kundi la watu pamoja na askari polisi walimpiga kwa virungu akiwa chini. Picha zake zipo, nyuso zinaonekana, na hakuna aliyefikishwa mahakamani. Miaka kumi baadaye, Oktoba 1959, Ufaransa ilimpa nishani ya Légion d'honneur, iliyo ya juu kabisa nchini humo, na jumla ya nishani zake zikawa kama 15.

Studio za televisheni za NBC zimo katika jengo hilohilo. Tarehe 22 Desemba 1959 mtangazaji Dave Garroway alimhoji katika kipindi cha asubuhi, naye Bullard alikaa mbele ya kamera akiwa na sare yake ya kazi. Mamia kwa mamia ya watu waliokuwa wamepanda naye lifti kwa miaka walipata habari hiyo kwa mara ya kwanza. Watu wengi husimulia jambo hili kwa huruma, kwamba masikini, shujaa alishushwa mpaka kwenye lifti. Mimi nakataa huruma hiyo. Aibu iko kwa waliomnyima ndege na kwa waliompiga Peekskill, na wala si kwenye mpini alioushika kwa uangalifu ili mtu asijikwae.

Nilinunua tiketi ya kupanda kileleni. Lifti ya siku hizi ina dari ya kioo inayokuonyesha shimo lake likiwa na taa za buluu, na wenzangu wote waliinua simu juu kupiga picha. Mimi nilisikiliza. Iliondoka vizuri, masikio yakaziba, ikapunguza mwendo pasipo mtikisiko, na niliposhuka nilitazama chini kwenye ukingo wa mlango. Sakafu zilikuwa zimelingana.

Siku ya nane, Jumanne: Flushing

Treni namba 7 inapita juu ya barabara za Queens mpaka kituo cha mwisho, ambako vibao ni vya Kichina kuliko Kiingereza, na kutoka hapo nilipanda basi hadi makaburi ya Flushing. Ni mahali pa miti mikubwa, pametunzwa, na Louis Armstrong amezikwa humu pia. Wageni wengi wanakuja kwa ajili yake. Nilipita kwake kwanza kwa heshima, kisha nikamwomba mfanyakazi wa bustani anielekeze kwenye sehemu ya askari wa Ufaransa.

Bullard alifariki tarehe 12 Oktoba 1961 kwa saratani ya tumbo, siku tatu baada ya kutimiza miaka 66. Alizikwa amevaa sare ya Jeshi la Kigeni, na jeneza lilifunikwa bendera ya Ufaransa. Mwaka uliotangulia Jenerali de Gaulle, alipokuja New York, alimkumbatia mbele ya watu. Jeshi la anga la Marekani lilimpa cheo cha luteni wa pili mwaka 1994, miaka 77 baada ya kumkataa, na mwaka 2019 sanamu yake ikasimamishwa Georgia, jimbo alilolikimbia.

Nilitoa kofia. Nikamsomea dua fupi, ile ninayowasomea wa kwetu, nikitumaini kwamba tofauti ya dini itasamehewa kwa mtu aliyetoka mbali. Kisha nikasema kwa sauti, kwa kuwa hakukuwa na mtu karibu, "Mama anakusalimu."

Kwenye kituo cha basi nilimpigia simu. Kwao ilikuwa jioni, na nilisikia adhana ya Magharibi nyuma yake. Aliuliza kama nimefika, nikamwambia nimefika. Akauliza kama kaburi linatunzwa. Nikamweleza kwamba nyasi zimekatwa na kuna mti mkubwa karibu.

"Kivuli kinafika?" akauliza.

Nilimwambia mchana kinafika.

"Na babu yako nyasi zimemfunika," akasema. "Likizo ijayo uje na panga."

Basi lilikuwa linakuja. Nikamwambia nitakuja.